Mwalimu wa Kwaya na Nyimbo za Kwenye Pasi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutufundisha kuimba na kutukataza kupiga kelele, Mwalimu wa kwaya yetu anastaafu rasmi Jumapili hii, tarehe thelathini Juni. Kamati imenichagua mimi, mpiga ngoma, niandike wasifu wake. Sishangai. Darasani sikufika mbali, lakini nilitikisa kumbi za dansi za kila aina kabla Bwana hajanikamata, na hakuna anayemjua Mwalimu kuliko mtu aliyekaa nyuma yake miaka yote hii akikishuhudia kisogo kikiaga nywele.

Alipoanza kazi, kanisa lilikuwa na kinanda kimoja chenye vitufe vitatu bubu. Mwingine angeomba kipya. Yeye alitunga nyimbo zinazovikwepa. Kinanda kipya kilipofika, vidole vyake viliendelea kuviruka vitufe vizima, kama mtu anayekwepa dimbwi lililokauka mwaka juzi.

Tunamwita Rudieni. Sauti ya pili waimbe kama malaika, yeye atakuna kidevu na kusema, "Vizuri sana. Rudieni." Siku moja neno hilo lilimtoka kwa mazoea Mchungaji alipomaliza sala ya kufunga ibada. Mchungaji, mtu mtiifu, akairudia sala yote. Chakula kilipoa nyumba nyingi siku ile.

Nyimbo zake hakuzitungia kanisani, alizitungia jikoni akiosha vyombo. Anaamini kwamba asiyemwona Mungu kwenye sufuria iliyoungua hatamwona madhabahuni. Mkewe, tunayemwita Mama, alikuwa akipiga pasi chumba cha pili, mlango wazi. Wimbo haukuletwa kwetu mpaka Mama aunyakue mwenyewe, bila kuombwa, auvumishe puani huku pasi inatembea. Asipouvumisha, unatupwa. Tulipolalamika, Mwalimu alisema, "Nyie mnaimba chochote mnachopewa. Mwenzenu ana nguo za kunyoosha." Kuna wimbo mmoja ulikuwa na nafasi ndefu ya ngoma peke yake, kitu cha hatari. Mama aliuua kwa kunyamaza tu.

Miaka minne iliyopita Mama alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakapotea. Mwalimu hakukosa mazoezi hata mara moja. Alikuja mapema, shati limekunjamana kama ramani ya milima, akapiga nyimbo za zamani. Mpya hakuna. Mchungaji alipomwomba wimbo wa kuzindua jengo letu jipya la kanisa, alijibu kwamba hana wa kumpimia. Nikajitolea mimi. Nikamwambia, sikio hili, Mwalimu, limekula chumvi nyingi. Akanitazama kwa huruma. "Mdogo wangu," akasema, "wewe unapenda kila chenye kelele." Kisha akaongeza jambo lililonikata maini: kusali bado anasali, ila sala zake siku hizi hazina tuni.

Wiki chache kabla ya uzinduzi nilikwenda kwao kuwajulia hali. Mwalimu alikuwa kwenye karai la vyombo, kimya. Mama kakaa kitini, anakunja taulo kwa mkono wa kushoto. Mara akaanza kuvumisha. Nikadhani ni wimbo wetu wa zamani, nikagonga mguu chini kuutafuta mdundo. Wapi! Haukuwa wetu, haukuwa wa mtu yeyote ninayemjua, na mimi nawajua wengi. Mwalimu akageuka, sahani inachuruzika povu. Mama akafika mwisho, akamkazia macho mumewe, akangoja. Zamu hii mpimaji ni nani?

Mwalimu akaugeukia ukuta, akaisugua ile sahani iliyokwisha kutakata, na akauvumisha mwanzo hadi mwisho.

Huo ndio wimbo tuliozindulia jengo. Mchungaji aliutakia beti, Mwalimu akakataa katakata. Mpaka leo tunauimba midomo imefumbwa, na hakuna anayesinzia.

Kamati ilimsihi aongeze miaka miwili. Akasema hapana. Wengine wakasingizia magoti, wengine umri. Sababu aliniambia mimi, kama kawaida. Tangu aajiriwe, hajawahi kukaa na mkewe kanisani hata ibada moja. Yeye mbele kwenye kinanda, Mama benchi la tatu karibu na ukuta, na siku hizi mkono mmoja unapambana na kitabu cha nyimbo. Kuanzia Jumapili ijayo, kitabu kina mtu wa kukifungua.

Mwalimu, kwa niaba ya kwaya yako na ngoma zangu, asante. Mungu akujalie afya, furaha na miaka mingi ya kukaa. Tukikosea noti, na tutakosea, usitutolee macho. Mtazame Mama.