Dawa ya Kutu ya Pijo

Kijiwe cha kahawa cha Mwanakombo kiko Newala, kinatazamana na ghala la chama cha ushirika. Yaani lililokuwa la ushirika kabla wanunuzi binafsi wa korosho hawajaruhusiwa kuja na mizani yao. Chama kilikufa, ila kwa utaratibu. Kilikabidhiwa mfilisi kutoka Mtwara, naye akaagiza kila mali ibaki ilipo, katika hali iliyomo, hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Mali yenyewe ilikuwa ghala tupu, muhuri mmoja na gari la meneja, Pijo 404, lililobaki lilipo, nje, chini ya mkorosho. Mvua na ukungu havikupewa nakala ya agizo.

Asubuhi hiyo Cyril, dereva wa zamani wa Pijo, aliketi kwenye benchi bila kusalimia mtu. Alikuwa amefunua turubai akakuta boneti imeliwa na kutu, vishimo vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Na mfilisi anakuja kesho kukagua: gari likiwa zima litapigwa mnada, likiwa bovu litakatwa vipande liuzwe chuma chakavu. Cyril alikuwa na neno lake na gari lile. Binti yake, Ethel, alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, katikati ya mteremko wa kwenda hospitali ya Ndanda, na meneja akaiandika safari ile kuwa ya kikazi.

Fortunatus, karani mstaafu wa wilaya ambaye kijiweni huitwa Waraka, alisema kosa ni la jua. Alipokumbushwa kwamba gari liko kivulini, akahamia kwenye ukungu: unapanda kutoka bondeni, unaingia chini ya turubai, ukishaingia haujui pa kutokea.

— Turubai ulileta wewe, Waraka, alisema Cyril.

— Nilileta turubai. Ukungu ulijiletea wenyewe. Na usikate tamaa, Baba Ethel. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pijo yako haijatembea tangu chama kife. Ni chema kitupu.

Hapo Rajabu akaweka kikombe chini. Huyu ndiye aitwaye Salfa, mwenye pampu ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Kila kiangazi huamka alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, ili dawa ishike. Nadharia yake wote waliijua: kutu ni ubwiri unga wa chuma, kama ule unaoshambulia maua ya mikorosho. Kama salfa inaponya mkorosho, itashindwaje na boneti? Mwanzoni mwa msimu alimshawishi Cyril, wakafunua gari, wakalipuliza kuanzia taa za mbele mpaka buti, wakalifunika tena likiwa la manjano kama kifaranga.

— Mkorosho ulio juu yake umepona, haukupona? aliuliza Rajabu.

— Umepona, Cyril alikubali.

— Basi dawa ni nzuri. Mgonjwa ndiye mbishi. Tumwongeze dozi.

Waraka alipinga dozi, akapendekeza gari lifukiwe. Misri walifukia magari ya wafalme, alisema, na yalipofukuliwa yalikutwa salama. Cyril akauliza kama agizo la mfilisi linaruhusu.

— Kisheria gari lililofukiwa limebaki lilipo, Waraka alisema. Ila chini zaidi.

Mwanakombo, aliyekuwa akichochea mkaa, alisema bila kugeuka kwamba bati la jiko lake, upande unaotazama mikorosho, lina vishimo vya namna hiyohiyo, na halikuwa navyo kabla ya pampu kuja. Rajabu akaanza kuchunguza machicha ya kahawa kikombeni mwake. Ikabidi kukubaliana: salfa ndiyo inayokula chuma, ioshwe, leo hii. Lakini Newala maji hupandishwa kutoka bondeni, vichwani mwa wake za watu. Kuosha gari ni kutafuta kusemwa.

Yasinta, nesi kijana aliyekuwa akisubiri basi la Ndanda, alikuwa ameamkia shikamoo, akaitikiwa, akasikiliza yote kwa adabu.

— Samahanini, wazee. Likipona, litakuwa la nani?

— Kwa mujibu wa… alisema Waraka, akaanza kuhesabu kwa vidole. Chama kimekufa. Wanachama ni wao wenyewe, waliokaa hapo benchini. Mfilisi ni mlinzi tu. Mnunuzi hajajulikana. Aliendelea kuhesabu vidole, na kila kidole alichokunja alikikunjua tena. Rajabu alimtazama Cyril.

 Cyril aliona tu kwamba likipona, mtu asiyemjua atakaa kwenye kiti kile cha nyuma, na gari litashuka mteremko lisirudi. Lisipopona, kiti kitakatwa pamoja nalo.

— Mwanakombo, una maji?

— Ndoo moja tu. Ya birika la pili la kahawa.

Cyril akasimama, akakunja mikono ya shati. Mwanakombo alimtazama, akaitazama benchi nzima, kisha akaisukuma ndoo kwa mguu.

— Anzia boneti, Baba Ethel, alisema, akaanza kukusanya vikombe.