Historia ya Dada Yetu Kiberiti, Aliyefungua Fundo Siku ya Ukungu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliotufikia katika msiba huu, familia imenipa mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, kazi ya kusoma historia hii, nami naomba mnivumilie sauti ikikwama, kwani marehemu alikuwa na tabia ya kunikatiza kila ninaposoma mbele za watu, na leo nasoma bila wa kunikatiza.

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Kiberiti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu, seremala, na mama yetu, aliyekuwa akifua nguo za watu. Jina hilo alipewa na mama, kwa sababu alikuwa na kijimwili kidogo na ukimkwaruza tu anawaka, na waliodhani ni utani walijua ukweli wake baada ya muda mfupi.

Alianza shule ya msingi Januari 1973, akaimaliza mwaka 1979, akaingia sekondari, ambako darasani alikuwa hodari na nje ya darasa alikuwa moto wa kuotea mbali, hata tarehe 5 Novemba 1982 akafukuzwa kwa kumzaba kofi kiranja aliyecheka viraka vya sare yake. Mama alilia, baba akaacha kabisa kusema naye, tukawa tunakula kimya kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili, mpaka shangazi yetu, mtu wa kanisa tangu ujana wake, alipomsihi baba amwache binti aende kwanza kwenye kambi ya vijana ya likizo, na dada akakubali shingo upande, huku akiapa mbele yetu sote kwamba hataimba wala hataomba.

Kambi ilifunguliwa tarehe 12 Desemba 1982, katika mabweni matupu ya shule moja chini ya mlima, yenye vitanda vya chuma vinavyolia ukigeuka na sakafu inayobaki na unyevu mchana kutwa. Huko kila kijana alipewa mwenza kwa kura, wale pamoja, waoshe vyombo pamoja, na siku ya kupanda mlima wafungwe kamba moja kiunoni, fundo ambalo halifunguliwi na yeyote isipokuwa mwalimu wa kambi, na kura ya dada ilimwangukia msichana mrefu, mpole, binti wa mpiga kengele wa kanisa, ambaye vijana walimwita Kinanda kwa kumtania, maana aliimba tangu anapopiga mswaki mpaka anapovuta shuka, na hakuwahi hata mara moja kuupata wimbo ulipo. Hawa wawili hawakuwa wa kupikwa chungu kimoja, na kwenye ibada za asubuhi Kinanda alifumba macho huku dada akiwa amekunja mikono, akihesabu mabati.

Tarehe 18 Desemba walipanda mlima. Kinanda alikuwa mzito wa miguu, na kila alipochoka aliimba ule wimbo wa kambi wa kupokezana, mmoja akianza "Nipo, Baba, nipo," mwingine akiitikia "Nami nipo nawe," na kwa kuwa dada hakuitikia, Kinanda alijianzia na kujiitikia mwenyewe. Dada alimwambia anyamaze, akanyamaza, akajisahau akaanza tena, na hapo Kiberiti kikawaka, akalifungua fundo la mwenziwe kwa vidole vilivyojifunza mafundo kwenye karakana ya baba, akamwambia, "Haya, tafuta wa kumwimbia," akapanda peke yake, kamba ikimfuata nyuma kama mkia.

Ukungu ulishuka kabla hajafika juu. Mwalimu wa kambi, aliyekuwa akiwapokea vijana kwenye jiwe tambarare, aliuona ule mkia wa kamba usio na mtu, akauliza neno moja tu, "Mwenzako?" na dada alitusimulia mara nyingi kwamba hakuna kofi alilowahi kupigwa lililomuuma kama neno hilo, kwa sababu upande wa kushoto wa njia palikuwa na genge, poromoko refu la mawe, wote walikuwa wameonywa, na yeye ndiye aliyemwacha mwenzake hapo. Mwalimu alipiga filimbi, haikujibiwa, akapiga tena, wengine wakaanza kulia, ndipo akaamuru kamba zote zifunguliwe na kuunganishwa ziwe moja, vijana wote waishike, na mmoja ashuke. Alitaka kushuka yeye, lakini aliyejua Kinanda ameachwa wapi ni dada peke yake, hivyo mwalimu akamfunga kwa mkono wake.

Dada alishuka hatua haioni hatua, akiita, na ukungu ukaimeza sauti yake, na hapo yule aliyeapa hataomba akasema, "Bwana, mimi sikujui, lakini huyu anakujua, mwangalie huyu." Kisha akaimba. Aliimba "Nipo, Baba, nipo," akasikiliza, hakuna kitu, akaimba tena, na kutoka kushoto, chini, upande wa genge, ikaja sauti ndogo, nje ya wimbo kabisa, "Nami nipo nawe," na katika maisha yake yote, alisema, hajasikia mwimbaji aliyemzidi yule.

Kinanda alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo, ameng'ang'ania kichaka, haogopi kuimba ila anaogopa kupumua, kwa sababu kila alipojivuta mawe yalimomonyoka chini yake. Dada alimfuata mstari kwa mstari, wakipokezana, mpaka kamba ikaisha naye bado hajamfikia, ikambidi alifungue fundo lake mwenyewe ili kipande kilichomzunguka kiuno kiongeze urefu, ajiburute hadi pale huku ameishika ncha mkononi, amfunge mwenzake, atikise kamba wamvute, na walipoanza kuvuta Kinanda alimkamata dada kifundo cha mkono, asimwachie hata alipofokewa amwachie, wakaburutwa wote wawili mpaka kwenye njia.

Mwalimu hakumrudisha nyumbani. Dada alibatizwa Aprili 1983, baba akasema naye tena, akamtafutia shule nyingine aliyoimaliza mwaka 1985, na Januari 1986 akaajiriwa kwenye karakana ya kushona maturubai nyuma ya gereji ya mabasi, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2019, na hata turubai hili tulilokaa chini yake limeshonwa kwa mashine yake, kwa hiyo anayetaka kulalamika kwamba linavuja aje kwangu, kwake amechelewa.

Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na fundi umeme, kaka yake Kinanda, na hivyo mwenza wake akawa wifi yake, wakagombana miaka yote kama mawifi wengine, kuhusu chumvi, kuhusu malezi, kuhusu nani kamnunia nani, lakini hawakulala wakiwa wamenuniana. Walijaliwa watoto watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike, na kila Desemba marehemu alirudi kambini kufunga kamba za vijana, akilivuta kila fundo kwa mkono wake, na aliyemnung'unikia mwenza wake alikalishwa chini akasimuliwa habari hii yote, bila kufichwa lolote.

Februari 2023 alianza kukohoa, madaktari wakaona mapafu yamechoka kwa vumbi la turubai, akatibiwa, akapata nafuu, ikamrudia, na tarehe 2 Juni 2024 akalazwa hospitali kuu, ambako wifi yake alikaa kando ya kitanda, akimwimbia ule mstari wa kwanza, naye akiitikia kwa sauti, baadaye kwa midomo, baadaye kwa kidole kwenye shuka. Asubuhi ya tarehe 9 Julai Kinanda aliimba, akangoja, akaimba tena, hakujibiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa karakana, na vijana wa kambi, wa zamani na wa sasa, ambao nawaona mmejaa mpaka nje.

Ombi letu la mwisho ni hili. Tukifika makaburini, wifi yetu ataimba ule mstari wa kwanza, ataimba vibaya kama siku zote, na tunawasihi, mnaojua wimbo na msioujua, msimwache aimbe peke yake, mwitikieni.

Dada, pumzika kwa amani, fundo tumelikagua, na mwenzako tunaye.