Agatha Kavindu, Aliyepeleka Jembe Lake

Padri wetu, wachungaji, chifu, ukoo wa Ngui na ukoo wa Kimanzi, majirani wa Kithimani na wa hapa Wamunyu, na ninyi mliofika na fulana za kijani za Kampuni ya Matunda ya Kyeni, familia inawasalimu nyote, hata mliokosa nafasi hemani mkasimama juani. Historia hii iliandikwa kwa siku tatu, kwa sababu kila mmoja alitaka lake liingie, na inasomwa na kitinda mimba wa nyumba ya Ngui, Laban Ngui, ambaye dada yake alimwonya mapema asije akairefusha.

Marehemu Agatha Kavindu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969, Kithimani, Yatta, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa hayati mzee Ngui na mama Kasiva, ambaye tunaye hapa mbele. Mama Kasiva aliongoza mwethya wa kina mama, waliochimba matuta leo katika shamba la huyu, kesho katika shamba la yule, kila mtu na jembe lake, na jioni wote wakala isyo, mahindi na maharagwe, kutoka sufuria moja. Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Julai 1979, mwethya ulikuwa kwa jirani yetu Mutindi, na Kavindu, akitoka shule na njaa yake, alifika kazi ikiwa imekwisha, akapakuliwa isyo, akaongezwa, kisha akaenda zake nyumbani. Mama aliposikia hakumpiga, ila asubuhi yake alimpa jembe na kumrudisha kwa Mutindi peke yake, akachimba hadi adhuhuri, viganja vikatoka malengelenge. Tuta alilolichimba liko mpaka leo, nalo limepinda, na Mutindi hakukubali kamwe linyooshwe.

Alisoma shule ya msingi pale Kithimani, akafanya mtihani wa CPE mwaka 1982, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986, kisha akasomea kazi ya stoo mjini Thika hadi mwaka 1989. Tarehe 3 Septemba 1990 aliajiriwa na Kampuni ya Kyeni, Matuu, kuwa karani wa stoo, enzi hizo kampuni ikiwa na mashine moja ya kukamua maembe na mlinzi mmoja aliyependa kulala. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa mwaka 1998 wakubwa waliifunika kitambaa wakaiogopa, lakini Kavindu aliifunua, akajifundisha, akawafundisha wengine, na kufikia mwaka 2010 alikuwa mkuu wa kompyuta zote za kampuni, ambayo sasa ilikuwa na viwanda vinne na wafanyakazi zaidi ya elfu mbili.

Aliolewa na Justus Kimanzi, mchonga vinyago wa hapa Wamunyu, mbuzi wa ntheo, wa kuhalalisha ndoa kimila, wakapelekwa kwa utaratibu wote, na ndoa ikafungwa kanisani tarehe 11 Desemba 1993. Mungu aliwajalia watoto watatu, Levi, Ndunge na Kavata, na wajukuu wawili ambao wamekuwa wakimtafuta tangu juzi.

Sasa familia inaomba mvumilie, kwa maana jambo linalofuata ndilo alilolibeba moyoni kwa miaka mingi, na wengi tulikaa naye meza moja bila kulijua.

Tarehe 7 Februari 2012, maembe yakiwa yamefurika, mizani yote ya kampuni ilizimika kwa sababu programu iliyoiendesha ilikuwa ya watu wa ng'ambo walioifunga na kuacha kuihudumia, na mkataba ulikataza mtu mwingine yeyote kuifungua ndani. Kwa siku nne malori yalipanga foleni kutoka langoni hadi barabara ya Garissa, maembe yakichuruzika maji chini ya turubai, wakulima wakilia waziwazi, na Kavindu, aliyejua tatizo liko wapi, amekaa mbele ya kitu asichoruhusiwa kukigusa. Alimwambia mumewe kwamba hajawahi kuona aibu kama ile tangu siku ya isyo ya Mutindi.

Ndipo alipoiomba bodi ihamie kwenye programu huria, ile ambayo yeyote anaweza kuifungua, kuisoma, kuitengeneza na kumpa mwingine, na ambayo watu wa mataifa mengi huijenga kwa pamoja. Mwenyekiti wa bodi, mzee Bonface Kisilu, ambaye ametuheshimu kwa kufika leo na kuturuhusu tuyasome haya, alimuuliza mbele ya wote, "Hii kitu iko na mwenyewe? Ikiharibika tutashika nani?" Kavindu akajibu, "Mtanishika mimi," na hawakumchukulia kama mtu wa mzaha, kwani walimletea barua, akatia sahihi kwamba programu ile ikishindwa msimu mmoja ataacha kazi bila kusukumwa. Watoto watatu walikuwa shuleni wakati huo, na Justus anakiri kwamba alipoonyeshwa barua hiyo alikata sikio la twiga aliyekuwa akimchonga.

Programu haikushindwa. Msimu ulipoisha mzee Bonface alifurahi sana, akaamuru ifanyike sherehe Matuu tarehe 26 Aprili 2013, mbuzi wakachinjwa, na kwa kuwa bado hakuamini kitu kinaweza kukosa mwenyewe, aliagiza kiti kimoja kitandikwe kitambaa cheupe na kuwekwa mbele, ili mwenye programu akija apate pa kukaa. Kiti kilikaa wazi. Kavindu alipoitwa kueleza mgeni yuko wapi, aliwasha kompyuta, akafungua orodha ya wote waliowahi kuweka mkono katika programu ile, akaanza kuwasoma mmoja mmoja, majina elfu moja mia mbili na kumi na nne, ya Poland, ya Brazili, ya India, ya Nijeria, mengine yakimshinda kutamka akiyarudia hadi yakubali. Mwanzoni watu walicheka, nyama inapoa, lakini kufikia jina la mia tatu mzee Bonface alivua kofia, wapakiaji wa maembe wakasimama, na waliokuwepo wanasema walihisi kama uwanja unajaa watu. Hakuna kati ya watu hao aliyewahi kusikia jina la Matuu, na bado walikuwa wamelima shamba letu.

Hata hivyo, Kavindu hakutulia. Yeye na vijana wake wanne walikuwa wameongeza sehemu yao wenyewe, ya kupima mizigo hata mtandao ukikatika na kumpa mkulima risiti ya Kikamba au Kiswahili, na alitaka irudishwe kwa wale watu wa orodha waitumie pia. Mwanasheria wa kampuni alikataa, akisema chetu ni chetu, washindani watakichukua. Kila Januari, kuanzia 2014 hadi 2019, Kavindu aliandika barua ya kuomba ruhusa, barua sita kwa jumla, na sita zikakataliwa. Na kila Desemba, kwenye karamu ya kampuni, aliwapakulia wenzake chakula tangu mwanzo hadi mwisho, mwenyewe asionje hata tonge, tukadhani ni mambo ya kupunguza unene, tukamtania sana. Laban ndiye aliyemtania kuliko wote, na leo anaomba msamaha.

Tarehe 13 Desemba 2019 mzee Bonface alimwona amesimama kando na mwiko, akamuuliza, "Kwani chakula yetu iko na nini?" Kavindu akamsimulia habari ya Mutindi, isyo, na jembe, akamalizia kwamba hawezi kula mwethya wa watu ambao hajawachimbia. Mzee naye pia ni mtoto wa mama wa mwethya, na tarehe 20 Januari 2020 alitia sahihi ruhusa. Kavindu alimleta mama Kasiva ofisini kutoka Kithimani ili ashuhudie, akabonyeza kitufe cha kuwatumia watu wa orodha sehemu ile saa nne asubuhi, na mama, aliyetarajia kuona jambo kubwa zaidi, akauliza, "Na hao watu wamejua umekuja?" Siku hiyo marehemu alikula chakula cha kampuni sahani mbili.

Aliugua kuanzia Oktoba 2023, na Februari 2024 ikagunduliwa kuwa ni saratani ya kongosho, akatibiwa Machakos na Nairobi, akistahimili kwa utani wake uleule. Mwezi Desemba, akiwa amelazwa, binti yake Ndunge alimsomea ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa kampuni kubwa ya maziwa ng'ambo, ambaye hatumjui kwa sura, akisema kwamba wanaitumia programu ya mizani ya Matuu katika vituo mia tisa, na kwamba walikuta kasoro ndogo katika kupima mizigo myepesi, wameirekebisha, na wameirudisha ili na wengine waipate. Kavindu alikuwa akiijua kasoro hiyo, ilimsumbua kwa miaka, maradhi yakamkuta hajaimaliza. Alicheka hadi muuguzi akaja, akamshika Ndunge mkono, akasema, "Wamekuja kwangu. Wameninyooshea tuta."

Alituaga siku ya Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliochimba kaburi hili jana kila mtu na jembe lake, Kampuni ya Kyeni na mzee Bonface, jumuiya ya kanisa, na mama Mutindi aliyekuja na udongo wa lile tuta ndani ya leso. Tunawashukuru pia watu elfu na zaidi walio mbali, ambao wengi wao hatutawaona, na ambao wiki hii wametuandikia kwa lugha tusizozijua, nasi tukahitaji siku nzima kutafsiri neno pole.

Pumzika kwa amani, Kavindu wetu. Shamba lina watu.