Mzee Koki na Maji ya Nyumba Tupu

Ndugu, jamaa na majirani mliobaki, naomba masikio yenu. Huyu tunayemzika ni kaka yangu mkubwa, nami nitamsema kama alivyokuwa. Hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952 hapa hapa kijijini, mtoto wa kwanza kati ya sita. Machimbo ya mawe yalikuwa yamefunguliwa karibuni na watu walimiminika kutoka kila upande. Mama alikuwa akisema ukiacha mlango wazi asubuhi, jioni unamkuta mpangaji.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kuanzia 1960 hadi 1967, katika darasa lililojaa hadi wengine wakakaa dirishani. Shule hiyo ilifungwa miaka minne iliyopita kwa kukosa watoto, na sasa ni makao ya popo.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa fundi wa pampu ya maji, ndipo akaitwa Koki. Alifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1978. Katikati ya sherehe bomba kuu likapasuka, bwana harusi akatoweka na suti yake, akarudi ametota hadi kiunoni. Shemeji akamtazama, akasema, "Kumbe nimekuja kuwa mke mdogo. Mkubwa ni pampu." Walijaliwa watoto watano.

Machimbo yalipofungwa mwaka 1999, vijana waliondoka, kwanza mmoja mmoja, kisha nyumba nzima nzima. "Tunarudi Desemba, mzee," walimwambia, wakimwachia funguo. Desemba nyingi zimepita. Ofisi ya maji nayo ikaanza kung'oa pampu za vijiji vilivyopungua watu na kuzipeleka mjini, huko huko walikohamia watoto wetu. Kaka aliogopa. Kila Jumamosi akawa anazunguka nyumba zilizohamwa, anafungua koki za uani, maji yanamwagika hadi jioni ili mita isome kama bado tuko wengi. Sote tulijua, na tulimsifu kwa ujanja wake.

Siku moja nilimwuliza, "Kaka, unamdanganya nani?"

"Wa ofisini. Wakijua tumebaki vikongwe watupu, pampu itaondoka."

"Na kisima je, nacho unakidanganya?"

Alicheka, akaenda kufungua koki nyingine.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Januari mwaka huu maji yalipungua kisimani, pampu ikaanza kuvuta tope lenye harufu, na majirani wakaanza kufunga mizigo. Kaka alijaza bilauri mbele yao, akanywa yote, akafuta midomo. "Mmeona? Maji ni maji. Fungueni mizigo hiyo." Wengine waliifungua, wakanywa naye. Tarehe 3 Februari alianza kuhara damu. Figo zilishindwa, na tarehe 11 alifariki katika hospitali ya wilaya. Majirani wawili bado wamelazwa huko, na daktari hataki kutuambia lolote la kutupa moyo.

Waliochimba kaburi hili tumewaomba kutoka mbali, maana hapa hakuna tena mwenye mgongo wa kuinamia jembe. Bwana afya amekifunga kisima kwa kufuli. Maji ya kumwosha marehemu yaliletwa kwa lori.

Marehemu ameacha mjane, watoto watano na wajukuu tisa, ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa hapa. Mwanawe wa mwisho ndiye pekee aliyewahi mazishi, na amekuja kutuchukua. Tukimaliza hapa tunapanda lori, sote. Asubuhi shemeji aligoma kufunga sanduku lake. "Alikunywa yale maji ili tusihame," aliniambia. "Leo mimi nitapandaje gari?" Nilimfungia sanduku mwenyewe, na inaniuma.

Lala kwa amani, kaka. Utatusamehe, hapa unabaki peke yako.