Niliulizwa Kama Naijua Gofu

Kijiwe chetu kiko Bariadi, ng'ambo ya barabara kutoka lile gofu la ghala la ushirika, kuta nne na mbavu za paa ambazo hata popo wameanza kuzihama. Zamani pamba yote iliingia mle. Siku hizi ni soko huria, kila mwenye lori na mzani ananunua, na mimi hapa, Mizani mwenyewe, niliyeiaga shule darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha, nimepata kazi ya kupima pamba kwa tajiri mmoja aliyetoka Dar. Kazi bado mbichi. Na Ijumaa hii nimekaa kwenye benchi la kahawa ya mayu Apolonia, mama wa kijiwe, nikitafuta ushauri, kwa sababu kesho tajiri ananipeleka Lamadi nikacheze gofu na mgeni wake.

— Si ulisema mwenyewe unaijua? akaniuliza Mashimba. Huyu tunamwita Jembe, maana kila swali la dunia analijibu kwa kulima.

— Sikudanganya! Siku ya kuombea kazi aliniuliza, "Kijana, gofu unaijua?" Moyoni nikaliona lile gofu pale. Nikasema, "Naijua sana, bosi, nimekulia pale pale." Akafurahi mpaka akanipa mkono. Ningejuaje kuna gofu nyingine, ya fimbo na kipira?

Katekista Yakobo akashusha kikombe.

— Alisema unaijua au unalijua? Gofu la nyumba ni unalijua.

— Katekista, huku kwetu ng'ombe akila mahindi yako, useme amekula, limekula au imekula, mahindi hayarudi, nikamjibu.

— Basi, mwanangu, ng'wanone, kamwambie ukweli, akasema Katekista.

— Nikamwambie? Mmemsahau Marcelo?

Marcelo, dereva wa tajiri kabla yetu, alisema anajua kuendesha gari. Tajiri akampa ufunguo, akakaa kando yake, na kwenye lile pori kabla ya Lamadi akagundua kwamba jamaa hajui hata breki iko wapi. Hakumfokea. Alisema tu, "Kosa nasamehe, uongo sisamehe," akamshusha pale pale, jua linazama, na kinyesi cha tembo barabarani bado kinafuka. Marcelo alirudi amechanika suruali. Mpaka leo ukimpigia kengele ya baiskeli anaruka mtaroni.

— Haya, simama, akasema Jembe. Tutakufundisha. Penye wengi haliharibiki neno.

— Ni "hapaharibiki", akasema Katekista.

— Liache liharibike. Mizani, chukua fimbo.

Nikachukua fimbo ya kuchungia, nikaishika kichwa chini ili kile kirungu chake kiwe ndicho cha kupigia. Kipira tukaweka ndulele, tunda la porini la njano, mviringo kabisa. Tangu nianze kazi, tajiri tumemwona mara nyingi kwenye uwanja wa mnada: anapanua miguu, anatikisa kiuno, fimbo inapanda begani, fyuuu! Kipira kinapotea upande wa Maswa.

— Hiyo ni palizi, akasema Jembe. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Inama, nyanyua juu, shusha kwa nguvu za babu zako!

Nikashusha. Fimbo ikachimba shimo la kutosha kupanda muhogo. Vumbi likajaa kwenye vikombe. Ndulele ikabaki inanitazama.

— Mkono ume... unauma, nikasema, nikimwangalia Katekista.

— Hujalima vizuri, akasema Jembe.

Kashindye akacheka mpaka mchembe, kile kiazi kikavu, ukamkwama kooni. Huyu ndiye Manju, kiongozi wa ngoma, anayerusha jembe angani kwenye bugobogobo na kulidaka bila kuangalia.

— Huyo anakufundisha kuzika mtu. Gofu haipigwi na mikono, inapigwa na kiuno! Legeza magoti. Uzito mguu wa kulia, halafu uhamie wa kushoto. Viganja laini, samaki mkunje angali mbichi. Imba!

— Niimbe mbele ya tajiri?

— Imba kimoyomoyo!

Nikalegeza, nikazunguka, kweli nikajisikia mtu. Ila viganja vililegea kupita kiasi. Fimbo ikanitoka, ikaruka barabara, ikaingia ndani ya gofu. Kuku wakatoka wakipiga kelele.

— Angalau umepiga gofu, akasema Katekista.

Hakucheka mtu. Mimi ndiye ninayewachekesha hapa kila siku, na leo mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi. Nikaenda kuiokota. Niliporudi, Katekista alikuwa ameshavua kofia.

— Kosa lako ni kichwa. Kabla hujapiga, umeshainua macho kutafuta kipira kimeenda wapi. Mke wa Lutu alifanya hivyo hivyo. Tazama chini, halafu kumbuka: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Ngamani ni wapi?

Akafikiri.

— Ni pale fimbo inapofika kiunoni.

Nikakaza macho chini mpaka ndulele zikawa mbili. Nikapiga. Nilipiga ile nyingine.

— Sikilizeni, akasema Manju, akishusha sauti. Mnapoteza muda. Kwa nini tajiri akipiga anavaa glovu mkono mmoja tu? Mchana, jua kali, mkono mmoja!

— Nyingine imepotea, nikasema.

— Imepotea! Tajiri? Mle ndani kuna kitu. Na kile kipira, mmekiona? Kina vishimo kama mtu aliyeugua ndui. Kimeugua, kikapona. Mwenye kipira cha namna hiyo hatafuti mchezaji, anatafuta...

— Anatafuta nini? nikauliza.

Manju akanywa kahawa iliyojaa vumbi.

Hapo pikapu ya kampuni ikasimama mbele yetu. Akatoa kichwa Selestini, dereva aliyechukua nafasi ya Marcelo.

— Mwadila, wazee.

— Mwadila.

— Mizani, panda. Mgeni amefika Lamadi mapema, tajiri kashatangulia kwa gari lake. Mnacheza jioni hii.

Nikaiegemeza fimbo kwenye benchi.

— Halafu ameniagiza nikuulize. Amekusifia kwa mgeni: huyu kijana wangu amekulia kwenye gofu. Mgeni anauliza: hiyo gofu yake ilikuwa na mashimo mangapi?

Jembe akamtazama Manju. Manju akamtazama Katekista. Katekista akatazama ng'ambo ya barabara, sisi wote tukamfuata kwa macho. Lile paa. Jua lilikuwa linapita katikati yake.

— Mashimo ya nini? akauliza Jembe polepole.

— Mimi dereva tu. Wanataka namba.

— Mengi, nikasema.

— Mengi si namba, Mizani.

Mayu Apolonia akainamisha birika juu ya kikombe changu. Yakadondoka machicha.

— Kahawa imeisha, baba. Nenda.

Selestini akanifungulia mlango wa mbele, kiti cha heshima, kando yake. Nikashukuru, nikapanda nyuma kwenye bodi, nikashika chuma. Nikishushwa porini, angalau nisiwasumbue kufungua mlango.