Mwalimu Benitha Kokubanza Rwezaura, Aliyefundishwa Mbinu Zake Mwenyewe (1976–2025)

Marehemu Mwalimu Benitha Kokubanza alizaliwa tarehe 14 Aprili 1976 katika kata ya Kanoni, Karagwe. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu Mzee Deodatus Rwezaura na Mama Nyiransabimana. Mama yake alivuka Mto Kagera kutoka Rwanda akiwa binti wa miaka kumi na miwili, na katika vichache alivyovuka navyo kilikuwamo Kifaransa alichofundishwa na masista. Basi katika nyumba ile watoto walitumwa maji kwa Kinyambo, wakasali kwa Kiswahili, na mama akikasirika wakakaripiwa kwa Kifaransa. Benitha ndiye aliyejibu, kwa lugha hiyohiyo.

Alisoma shule ya msingi hapo Kanoni kuanzia 1984 hadi 1990, kisha sekondari Bukoba, ambako alichukua mchepuo wa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa na kumaliza kidato cha sita mwaka 1997. Alihitimu stashahada ya ualimu mwaka 2000, na akiwa kazini akajiendeleza hadi shahada mwaka 2010.

Januari 2001 alipangiwa shule ya sekondari huko Isingiro, wakati Kyerwa haijawa wilaya. Shule yenyewe familia imekubaliana isitajwe leo, maana wenzake wangali kazini pale. Alikuta darasa la wanafunzi mia na nne, vitabu sita vya Kifaransa, na hakuna kabati. Kila Jumamosi akawa anakwenda kwenye duka la Apolinary Nolasco, mfanyabiashara kutoka Muleba, kuomba maboksi matupu ya sabuni. Wiki ya tano Apolinary akashindwa kuvumilia.

“Mwalimu, kwani kila wiki unahama?”

“Sihami. Nina watoto mia na nne na sina pa kuweka hata karatasi.”

Apolinary akafunga duka, akabeba maboksi mwenyewe mpaka darasani. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2003, wakabarikiwa watoto watatu.

Yaliyoanza na maboksi yale ndiyo yanayotufanya tusimame hapa tukiwa na uchungu wa aina mbili.

Maboksi yakawa kabati, na ukutani alishona mifuko ya karatasi za saruji, kila mwanafunzi na wake wenye jina lake. Msimu wa kuchuma kahawa watoto walipokosa shule, majirani zao wa dawati waliwanakilia somo na kulitumbukiza humo, mtoto akirudi alikuta somo linamngoja. Majina yote aliyaandika kwenye vijiti vya matete ndani ya kopo. Kijiti kilichochomoka ndicho kilichojibu, kwa hiyo hakuna aliyejificha nyuma wala aliyependelewa mbele. Mlangoni alitundika kibuyu kimoja tu. Aliyetaka kutoka aliomba ruhusa kwa Kifaransa, akakibeba, na mwingine hakutoka mpaka kibuyu kirudi. Na kila neno lililobandikwa ukutani lilining’inia na kizibo cha soda alichokipaka rangi, bluu kwa maneno ya kiume na nyekundu kwa ya kike. Miaka ishirini na nne hakushika fimbo. Wenye fimbo madarasa ya jirani walikuwa wakija kuuliza kwa nini kwake kuna utulivu.

Palikuwa pia na vizibo vya njano, vichache. Miaka miwili ya mwanzo alifundisha kwamba neno *problème* ni la kike, kwa sababu tu linaishia na *e*. Mama yake alipomsikia akacheka mpaka akaketi chini. Jumatatu yake Benitha alisimama mbele ya darasa, akasema, “Nimewadanganya bila kujua. Ni *le problème*, neno la kiume.” Tangu siku hiyo kila neno alilowahi kulikosea alilitundikia kizibo cha njano, wanafunzi waone kwamba mwalimu naye hukosea, na hukiri.

Mwaka 2016 alifika mgeni mmoja kutoka mjini, mwezeshaji wa semina za walimu. Alikaa siku tatu, akapikiwa ndizi, akapiga picha kila ukuta, akaomba daftari la Benitha akalitoe kopi. Lilikuwa na kurasa sitini za mpangilio wa darasa, zimeandikwa kwa mkono. Benitha alimpa. Lilirudi kwa basi baada ya miezi mitano, ukurasa wa kwanza, wenye jina lake, umechanwa.

Alidhani umechanikia ndani ya basi.

Jumatano, tarehe 12 Juni 2019, aliitwa na walimu wengine wa lugha kwenye semina mjini Kayanga. Alisaini mahudhurio, akapewa kijitabu, akakaa. Mbele alikuwa amesimama yuleyule mgeni, na jaladani jina lilikuwa la mgeni. Ndani mlikuwa na ukuta wa Benitha, kibuyu chake na mwandiko wake. Alifundishwa saa nzima namna ya kufanya alichokuwa akikifanya tangu 2001. Alivumilia hadi mwezeshaji aliponyooshea picha kidole na kusema, “Hivi vya njano ni mapambo, vinavuta macho ya mtoto.”

Benitha akainua mkono. “Samahani, hivyo si mapambo.”

“Mama, kijitabu umekisoma?”

“Nimekiandika.”

Mwezeshaji akacheka. “Mwalimu, vitu vya makopo na maboksi havina mwenyewe. Kizibo kila mtu anaokota.”

Ndipo aliposimama Mwalimu Ainembabazi, anayefundisha huko Rugu, ambaye alikuwa mwanafunzi katika lile darasa la mia na nne. “Shikamoo, mwezeshaji. Mimi nilikuwepo vilipotundikwa. Huo mwandiko ni wa Madamu, na hicho kibuyu nimekibeba mimi. Vya njano ni makosa yake mwenyewe. Wewe kosa lako uliwahi kulitundika wapi?”

Mwenyekiti wa semina, badala ya kuuliza swali hata moja, alitangaza mapumziko ya chai. Hayo ndiyo yaliyofanyika, ndugu waombolezaji. Mtu ameporwa mbele ya macho ya watu arobaini, na watu arobaini wakaelekezwa kwenye maandazi.

Benitha aliwaandikia waandaaji wa semina barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa mwaka 2021 kwa mstari mmoja, kwamba suala lake linashughulikiwa. Ya tatu haijajibiwa hadi leo, na kijitabu kimechapwa mara ya pili, na jaladani jina ni lilelile. Walimu wenzake walimwambia aachane nayo. Mdogo wake Elipidius, anayesoma wasifu huu, naye alimwambia hivyo, na leo anaona haya. Benitha alimjibu, “Nitawakatazaje watoto kuibiana majibu, ikiwa mimi nimenyamaza?”

Isisemwe kwamba alikuwa mchoyo. Walimu wa Karagwe na Kyerwa walikuja kwake kila Jumamosi wakiwa na maboksi yao, akawakatia, akawashonea, akawalisha. Kuigwa alikupenda. Alichokikataa ni kufutwa.

Februari 2024 miguu ilianza kuvimba, ikabainika figo zimechoka. Alitibiwa Karagwe, kisha hospitali ya rufaa Mwanza, ambako alikuwa akisafishwa damu. Wodini alitengeneza kiboksi cha dawa chenye vyumba vya asubuhi, mchana na jioni, kwa maandishi ya Kifaransa. Muuguzi akaomba ruhusa ya kuwatengenezea na wagonjwa wengine. “Tengeneza kwa wote,” Benitha akamwambia, “ila wakikuuliza, sema nani kakufundisha.” Muuguzi alisema, kila mara. Tunamshukuru.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Isingiro, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Jana mwezeshaji yule alituma salamu za rambirambi, akaomba dakika tano za kuzungumza hapa kama mwenzake na marehemu katika kazi. Mama Nyiransabimana aliulizwa. Akasema, “Aje atupe udongo kama wengine. Kusema, hapana.” Familia nzima imesimama na neno la mama.

Marehemu ameacha mume, Apolinary, mama mzazi, Nyiransabimana, watoto watatu, Winston, Kemirembe na Placidius, wajukuu wawili, wadogo zake, Elipidius na Kokuberwa, na wanafunzi ambao hata yeye aliacha kuwahesabu, wengine wao wamekuja na chaki za madarasa yao bado mikononi.

Mwenyezi Mungu amlaze kwa amani katika kibanja hiki cha migomba alichokipenda. Yeye apumzike. Sisi bado, mpaka jina lake lirudi jaladani.