Chupa Niliyoirudisha Maabara

Mheshimiwa Mkurugenzi, waheshimiwa madaktari, wafanyakazi wenzangu, ndugu wagonjwa na jamaa zenu, na wewe, mume wangu kipenzi, ambaye itifaki imekuweka mwisho ingawa moyo wangu unakataa. Mnivumilie, ndoa yetu ina wiki tano tu!

Mimi ni mwosha vyombo wa maabara. Leo tunamuaga mkuu wetu anayestaafu, tuliyezoea kumwita Mama Hatujui, kwa sababu akiulizwa jambo asilo na hakika nalo hujibu, "Hatujui bado."

Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba vipokezi vinavyonasa harufu puani vipo pia tumboni, kwenye ngozi, hata juu ya seli za saratani. Mume wangu, fundi cherehani, wakati huo akiwa mgonjwa tu hapa, alikubali kipande cha uvimbe wa utumbo wake kitumike kwenye utafiti. Alipoelezwa habari hiyo akasema, "Ajabu! Mimi mafua yamenibana mwezi mzima, kumbe uvimbe wangu unanusa!" Nilikuwa nimebeba karai la visahani vya kuoteshea seli. Nikacheka, nikamtazama, nikazama. Nani angejizuia, ndugu zangu?

Lakini mapenzi hayatibu. Siku ya tisa ya ndoa yetu tuliambiwa dawa zimeshindwa, uvimbe umefika kwenye ini. Siku ya kumi niliiba. Ndiyo, Mheshimiwa, niliiba: chupa ndogo ya harufu moja iliyokuwa ikijaribiwa maabara, ambayo ilipunguza kasi ya seli za saratani kwenye visahani. Niliificha kifuani, nikikusudia kumtilia mume wangu kwenye chai. Mfa maji haachi kutapatapa.

Mama Hatujui alinikuta mlangoni.

"Mwanangu, hiyo unampelekea nani?"

"Mume wangu, mama."

Je, aliita mlinzi? Je, alinifukuza kazi? Alinishika mkono, akaniketisha mbele ya hadubini, akanionyesha kisahani cha kwanza: seli zimezubaa. Akanionyesha cha pili, seli za mgonjwa mwingine, harufu ileile: zimetawanyika kila upande kama siafu waliomwagiwa maji.

"Na za mume wangu?"

"Hatujui bado. Na hatutajua kwa wakati wa kumfaa yeye, mwanangu."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Kisha nikairudisha chupa kabatini kwa mkono wangu mwenyewe. Nyumbani nikamweleza mume wangu yote, naye akacheka huku ameshika mshono wa upasuaji tumboni: "Siku kumi tu, mke wangu, tayari umenichoka?" Mnaona sasa kwa nini nampenda?

Mama, waliotuuzia matumaini ni wengi. Wewe ulitupa ukweli, tena ukiwa umeketi nasi, na kwa huo tumepata siku zetu wenyewe: ananishonea gauni, mimi nashika kitambaa, tunagombania redio kama watoto.

Nawe mkuu mpya, mume wangu ametia saini: seli zake zibaki hapa, muendelee kuziuliza maswali hata atakapokuwa hayupo. Tunakuomba jambo moja tu. Mgonjwa ajaye naye mketi naye.

Sasa mume wangu anainuka. Msimsaidie, anaweza. Nanyi mnaoninong'oneza, "Pole, bibi harusi," leo ziacheni pole zenu. Mpigieni makofi, na myapige kwa nguvu, maana yupo na anasikia.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.